Unataka Kuwa Wakili na Umetoka Kericho ama Bomet? Soma Hii Kabla Mzazi Auze Ng'ombe

Kila KCSE ikitoka, story ni ile ile. Msee wa Litein amepata B, mathe ameshaambia kanisa nzima mtoto wake anaenda kusomea sheria, na anko ameshaanza kumwita "wakili" kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Hakuna hata mtu mmoja ameuliza swali lenyewe: sheria ya chuo gani?

Manze, hilo swali ndilo linaamua kama miaka sita kutoka leo utakuwa unavaa ile kanzu nyeusi kortini Kericho, ama utakuwa na digrii ya sheria ndani ya bahasha na bado unauza mitumba Kapsoit. Sisemi mitumba ni mbaya. Nasema hukulipa fee ya miaka minne ndio uuze mitumba.

So leo tupige hesabu. Hatutaki zile za "chuo chenye jina". Tunataka hesabu za mtoto wa majani chai.

Kwanza, kwa nini mawakili wa huku ni maneno kubwa

Angalia kesi kubwa zimetoka kwa haya mashamba yetu, halafu uangalie zilisikizwa wapi.

Fujo za uchaguzi wa 2007 zilifika hadi kwa mashamba ya Unilever hapa Kericho. Watu waliuawa, wengine wakapigwa na kubakwa. Wafanyakazi na familia, watu 218, walishtaki kampuni London. Mwaka wa 2018 Korti ya Rufaa ya Uingereza ikasema kampuni mama ya kule haina jukumu kisheria kwa yale yaliyotokea huku. Mwaka uliofuata Korti ya Juu kabisa ya kule ikakataa hata kusikiza rufaa. Ikaisha hivyo.

Halafu kuna wale wachuma chai wa James Finlay waliosema kazi imewaharibu migongo. Juu kampuni imesajiliwa Scotland, kesi ilienda Edinburgh, na 2022 jaji akawakubalia waende kama kundi. Watu wakaanza kuona mwanga. Kufika Novemba 2023, korti ya juu zaidi hapo Edinburgh ikasimamisha kesi. Sababu? Kenya tuko na sheria yetu ya fidia ya majeraha ya kazini, ile ya 2007 tunaita WIBA, na wafanyakazi waanze na hiyo kwanza. Kumbuka Korti ya Juu ya Kenya ilikuwa imeshaipitisha hiyo sheria Desemba 2019, na inasema unaanza kwa ofisi ya mkurugenzi wa usalama na afya kazini. Kuruka moja kwa moja hadi kortini, zii.

Na ya ardhi ndiyo inauma wazee zaidi. Watu wa ukoo wa Talai walihamishwa kwa nguvu na serikali ya mkoloni hadi Gwassi, kwa sheria iliyotungwa 1934 juu yao tu. Ardhi ya Wakipsigis ikageuka kuwa chai. Mwaka wa 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilisema wazi kwamba walidhulumiwa. Agosti 2022 malalamishi yakapelekwa Korti ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg.

London, Edinburgh, Strasbourg. Sasa jiulize, ni wangapi kati ya wale walisimama mbele ya majaji huko wanajua kuchuma chai mvua ikinyesha Julai? Ni wangapi wanaweza kuongea na kogo wa Talai kwa Kipsigis bila mkalimani?

Na ile hukumu ya Edinburgh imesema kitu watu wengi hawajashika: kazi imerudi nyumbani. Kama njia ni WIBA, basi anayehitajika si wakili wa Scotland. Anayehitajika ni wakili ako hapa Kericho, anajua kujaza fomu za majeraha, anajua daktari gani wa kupima mgongo, na anajua njia ya kwenda Korti ya Ajira na Kazi, ambayo iko na kituo hapa Kericho town. Kazi iko. Swali ni nani atafika kwa hiyo meza.

Mlango wa 1: Leseni, buda, leseni

Kuna watu wanadhani chuo kikiitwa "university" basi kinaruhusiwa kufundisha kila kitu. Zii. Kwa sheria kuna gatekeeper anaitwa Council of Legal Education, CLE. Yeye ndiye anapatia chuo leseni ya kufundisha sheria, na hiyo leseni ina muda. Ikiisha, wanakuja tena kuangalia: walimu wangapi, maktaba iko aje, madarasa yako aje.

Na usidhani chuo kikubwa hakiguswi. Moi ni moja ya vyuo vya zamani zaidi kufundisha sheria nchi hii, na imetoa mawakili wengi wa upande wetu wa Bonde la Ufa. Lakini 2015 CLE iliamuru shule yake ya sheria kule Eldoret ifungwe. Maneno yakaenda kortini, shule ikaendelea, na bado iko. Lakini hebu jiweke kwa viatu vya msee alikuwa mwaka wa tatu hiyo siku. Mzazi ameshalipa, na wewe uko kwa habari za saa moja.

So hatua ya kwanza haina uchawi. Ingia tovuti ya CLE, tafuta orodha ya vyuo vyenye leseni, angalia leseni inaisha lini, na angalia ni kampasi gani imetajwa. Leseni ya kampasi moja si ya kampasi zote. Hiyo orodha ndiyo utaamini kuliko bango la barabarani, kuliko brosha, na kuliko yule mwakilishi wa chuo mwenye tai fupi anakuambia "usijali, tunamalizia tu na CLE". Kama wanamalizia, wamalize kwanza. Utawapata mwaka ujao.

Mlango wa 2: Grade yako, na ile ngori ya diploma

Kwa KUCCPS, sheria iko kwa klasta ya kwanza. Cha chini kabisa unahitaji C+ ya jumla na B ya Kiingereza ama Kiswahili. Hiyo ni ya kukufikisha mlangoni tu. Vyuo vyenye watu wengi vinakata juu zaidi, juu nafasi ni chache.

Hapa ndio wengi wanachomeka. Msee amepata C. Anaambiwa hakuna noma, anza na diploma ya sheria, halafu utaingia digrii. Na kweli chuo kinaweza kukuchukua. Anasoma, anamaliza digrii safi kabisa. Halafu anafika Kenya School of Law kule Karen, na swali la kwanza anaulizwa ni la KCSE.

Hii vita ya diploma na grade ya form four imekaa kortini miaka mingi na imepanda hadi kwa majaji wa juu kabisa. Kuna watu walimaliza digrii wakakaa nje wakingoja hukumu, wakati wenzao wa darasa wameshaapishwa. So kama unataka kupitia diploma, fanya kitu moja kabla ya kulipa hata bob: andikia Kenya School of Law barua ama imeili, waambie grade zako zote na njia yako yote, waulize kama watakuchukua kwa sheria iliyoko. Jibu likuje kwa maandishi. Kuambiwa kwa simu si jibu.

Na kama unafikiria kwenda kusomea nje, Uganda ama kwingine, ujue CLE lazima itambue hiyo digrii kwanza. Kuna masomo 16 ya lazima kwa sheria ya elimu ya sheria ya Kenya, na lazima yaonekane kwa transkripti zako. Ukikosa hata machache, utarudi darasani kuyasoma ukiwa umeshavaa joho la kuhitimu.

Mlango wa 3: Doo, na kalenda ya bonus

Hapa ndipo makala nyingi za "vyuo bora" zinatuacha, juu zimeandikiwa watu wa mshahara wa mwisho wa mwezi.

Mzazi wetu halipwi hivyo. Kama anapeleka majani kwa kiwanda cha KTDA, iwe Tegat, Momul, Litein, Kapkatet, Mogogosiek ama Kapkoros, analipwa kidogo kila mwezi halafu ile ya maana, bonus, inakuja karibu Oktoba. Sasa angalia kalenda ya chuo. Watu wa mwaka wa kwanza wengi wanaripoti Agosti na Septemba. Fee inataka kulipwa kabla ya bonus kufika. Hiyo miezi miwili ndiyo inauza ng'ombe.

Tena kuna hii maneno ya Magharibi na Mashariki ya Bonde la Ufa. Kila mwaka bonus ikitangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet wanashangaa kwa nini wenzao wa kule Mlima Kenya wamepewa mara mbili ama zaidi. Tupige mfano tu. Tuseme mzae anapeleka kilo 5,000 kwa mwaka. Bonus ikiwa bob 20 kwa kilo, hiyo ni laki moja. Ikiwa bob 50, ni laki mbili na nusu. Kazi ni ile ile na mgongo ni ule ule, lakini mmoja amelipa fee na mwingine ameenda kukopa Sacco.

So ukiuliza chuo fee, usiulize ya semesta moja. Uliza ya miaka minne yote, na uliza maswali matatu pamoja nayo: fee imewahi kupanda watu wakiwa katikati? Naweza kulipa kwa awamu, nyingine kubwa ikiwa Oktoba? Nikichelewa, mnanifungia mtihani?

Hilo la mwisho usiliruke. Mimi niliacha campo mwaka wa pili juu ya fee, na sitataja ni wapi. Huwa haishii darasani. Inaishia kwa mlango wa chumba cha mtihani, mlinzi akiwa na karatasi ya majina na lako halimo.

Mlango wa 4: Karen

Hii ndiyo sehemu watu hawaambiwi mapema. Digrii ya sheria haikufanyi wakili. Inakufanya mtu mwenye digrii ya sheria.

Baada ya miaka minne, unaenda Kenya School of Law, Karen, Nairobi, kwa ile kozi ya mawakili wanaita ATP. Fee ni yake pekee, mbali na ya chuo, na unaishi Nairobi. Wengi wanajibanza Rongai na Lang'ata wakipigana na foleni za asubuhi. Masomo ni tisa: kesi za madai, kesi za jinai, mirathi, uandishi wa kisheria, utetezi kortini, maadili, usimamizi wa ofisi, uhamisho wa ardhi, na biashara. Kwa kila somo, asilimia 20 ni kazi ya mradi, 20 ni mtihani wa mdomo, na 60 ni mtihani wa kuandika wa CLE. Pasi ni 50.

Na watu wanaanguka. Wengi. Kila mwaka. Ukianguka somo unarudia, na kurudia unalipia.

Sasa hapa ndipo hesabu yangu inabadilika na ya anko wa WhatsApp. Hiyo mitihani tisa ni ile ile kwa kila mtu. Msee wa Strathmore na msee wa Kisii wanakaa chumba kimoja, wanapewa karatasi moja. Karatasi haiulizi ulikuwa unakula wapi lunch. So swali la kuchagua chuo haliwezi kuwa "kipi kina jina" peke yake. Ni "kipi kitanifikisha Karen nikiwa na akili tayari na bado kuna doo imebaki ya kulipa Karen?"

Kuna watu wametumia kila kitu kwa digrii ya chuo cha bei, shamba limekodishwa, halafu ATP ikakosa fee. Hao hawakuanguka mtihani. Hawakufika kwa mtihani.

Mlango wa 5: Pupileji

Ndani ya hiyo safari kuna miezi sita ya pupileji, yaani kufanya kazi chini ya wakili aliye na uzoefu wa miaka mitano ama zaidi. Malipo? Mengi ni nauli. Mengine ni asante. Hapa ndipo jina la chuo na marafiki wa chuo wanaanza kusaidia, tusidanganyane. Kampuni kubwa za mawakili Nairobi zinajuana na vyuo fulani, na mtoto aliyekuwa Nairobi miaka minne ameshafanya atachi huko mara mbili.

Lakini huku nyumbani pia kuna korti. Kericho kuna Korti Kuu, kuna ya Ardhi na Mazingira, kuna ya Ajira. Bomet kuna Korti Kuu. Sotik kuna korti ya mahakimu. Mawakili wa hapa wanahitaji mikono, na ukifanya pupileji hapa unalala kwenu. Ukiniuliza, msee anayetaka kufanya kesi za mashamba na majeraha ya kazi atajifunza mengi zaidi kwa ofisi ndogo Kericho town kuliko kubeba faili za benki Upper Hill. Anayetaka kesi za makampuni, aende Nairobi. Yote ni halali. Jua tu unataka gani kabla ya kuchagua chuo.

Sasa, karibu ama mbali?

Vyuo ambavyo vimekuwa vikifundisha sheria karibu nasi si vichache. Nakuru kuna Egerton na Kabarak. Eldoret kuna Moi. Kuna Kisii University kwa wale wa Bomet, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa na kampasi Kisumu. Vyote ni nauli ya matatu, si safari. Hakikisha kila kimoja kwa orodha ya CLE kabla ya kuweka chaguo lako.

Nairobi kuna vingi zaidi: UoN yenyewe, Kenyatta, JKUAT, Strathmore, Riara, Catholic, Mount Kenya na wengine. Faida ya Nairobi ni atachi, marafiki, mashindano ya korti za kuigiza na kuzoea jiji. Hasara ni kodi ya nyumba. Nyumba ya Nairobi inakula fee ya Karen polepole, miaka minne.

Maoni yangu? Kama nyumbani kuna doo, chagua chuo chenye walimu wazuri popote kilipo. Kama nyumbani ni bonus na ng'ombe wawili, chagua chuo cha umma chenye leseni safi, karibu, na uanze mfuko wa Karen mwaka wa kwanza, hata kama ni mia tano kwa mwezi. Hiyo si kukosa ndoto kubwa. Ni kupanga doo ifike mwisho wa barabara.

Lakini karibu isiwe sababu ya kukubali chuo kibovu. Tembelea. Kaa nyuma ya darasa moja. Uliza hawa watu, si wa ofisi, wanafunzi:

1. Walimu wanakuja ama mnasoma slaidi kwa WhatsApp?
2. Alama zinatoka kwa wakati? Kuna mtu amekosa kuhitimu juu ya alama zilizopotea?
3. Kuna kliniki ya msaada wa kisheria, mnaongea na watu wenye kesi za kweli?
4. Sheria ya kazi na ya ardhi zinafundishwa na nani?
5. Waliomaliza miaka miwili iliyopita wako wapi? Walipita Karen mara ya kwanza?
6. Maktaba inafungwa saa ngapi, na intaneti inafanya?

Kama mwanafunzi wa mwaka wa nne hawezi kutaja watu watatu wa chuo chake walioapishwa kuwa mawakili, we shika matatu urudi nyumbani.

Na kama grade haikutosha?

Usijiue roho. Kenya School of Law pia ina diploma ya usaidizi wa kisheria, ile ya maparalegal, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawatambua. Wakili akiwa Kericho town kwa ofisi, paralegal ndiye ako kwa laini za wafanyakazi anaeleza mama mmoja kwamba barua ya kumaliza kazi aliyopewa ina siku za kujibiwa. Tangu mashini za kuchuma chai ziingie, hadi watu wakazichoma 2023, hizo barua ni nyingi. Kampuni pia zinabadilisha mikono. Finlays na yale mashamba yaliyokuwa ya Unilever yote yamenunuliwa na Browns ya Sri Lanka. Mwajiri mpya akija, mkataba wa zamani unauliza maswali mapya, na mtu wa kuusoma anahitajika leo, si miaka sita ijayo.

Kwa wazazi wanaosoma hii kwa simu ya mtoto

Mzee, mama, msilipe kwa sababu jirani alilipa. Mwambieni mtoto awaonyeshe vitu vitatu kwa karatasi: jina la chuo kwa orodha ya CLE, fee ya miaka minne pamoja na ya Karen, na jibu la Kenya School of Law kama grade yake ina shida yoyote. Akiwa nazo tatu, mpe baraka. Akikosa moja, ng'ombe akae kwanza.

Na wewe msee wa B ya Litein: kuna mama ako na mgongo mbovu na faili ya WIBA haijafunguliwa. Hajali ulisomea wapi. Anataka tu ufike.